Dengi huanzia kwenye pipa la maji
Wenzangu wa Mombasa, kabla ya kununua dawa ya kupuliza, tazameni mapipa yenu. Maji ya mfereji hayaji kila siku, kwa hiyo nyumba nyingi zina mapipa na mitungi ya akiba. Humo ndimo anamozalia Aedes aegypti, mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayeeneza homa ya dengi. Ndiyo maana mimi naona kudai maji ya mfereji ni kudai afya, sawa na kudai dawa hospitalini.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mayai ya mbu huyu hugandamana na ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja pipa lijae tena. Sugueni kuta za ndani kwa brashi kila wiki, kisha funikeni kwa kitambaa kilichobana vizuri. Vifuu vya nazi vilivyozagaa uani vipelekeni jikoni vikawe kuni. Tairi kuukuu zitoboeni au ziondoeni. Mwambieni na jirani, maana mbu huyu haruki mbali. Anayekuuma huenda kazaliwa kwake.

Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya magharibi, kwa hiyo mtoto anayelala mchana naye awekewe chandarua.

Mtu akishikwa na homa na maumivu ya viungo, apimwe upesi. Asimeze aspirini wala ibuprofeni kabla ya kujua kama ni dengi, kwani zinaweza kuzidisha kutokwa na damu.