Kurekodi Miksi Nyumbani na Kuitoa Katika MP3 Bila Kuipasua

Miksi nyingi zinazozunguka Mombasa katika flashi za matatu na simu za vijana huwa zimeharibika kabla hazijamfikia msikilizaji, na aghalabu tatizo haliko katika mikono ya dijei bali katika namna sauti ilivyoingizwa kwenye kompyuta. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye miksa yake (mashine ya kuchanganyia nyimbo), kompyuta ya kawaida na chumba cha kawaida, awe anaishi Kisauni, Likoni au Majengo. Programu ya kurekodi nitakayoitumia ni Audacity, kwa sababu ni ya bure, inafanya kazi katika Windows, Mac na Linux, na haihitaji kompyuta yenye nguvu nyingi.

Anayechanganya nyimbo ndani ya kompyuta pekee, kwa mfano kwa programu ya VirtualDJ na kidhibiti cha USB, hahitaji waya wowote, kwa kuwa programu hiyo ina kitufe chake cha kurekodi. Huyo anaweza kuanzia moja kwa moja kwenye hatua ya tatu. Lakini ikiwa unatumia miksa ya nje, sauti kamili ya miksi hupatikana ndani ya miksa hiyo na si kwingineko, na kwa hiyo ni lazima uitolee hapo.

Hatua ya kwanza: waya

Tazama nyuma ya miksa utafute matundu mawili ya mviringo ya aina ya RCA, jekundu na jeupe, yaliyoandikwa REC OUT (ya kutolea sauti ya kurekodi). Tumia hayo badala ya yale ya MASTER, kwa sababu katika miksa nyingi REC OUT haiguswi na kitufe cha sauti kuu: unaweza kupunguza spika saa sita za usiku kwa heshima ya majirani na rekodi isipungue hata kidogo.

Upande wa kompyuta ndipo wengi wanapokwama. Tundu moja lililo ubavuni mwa laptopu kwa kawaida limetengenezwa kwa ajili ya maikrofoni ya vipokea sauti: linapokea chaneli moja tu, na linatarajia sauti ndogo mno kuliko ile inayotoka kwenye miksa. Ukichomeka miksa hapo utapata sauti ya mono iliyopasuka, na hakuna mpangilio utakaoiokoa. Kwenye kompyuta ya mezani, tundu la buluu ndilo la kuingizia sauti ya miksa na la waridi ni la maikrofoni. Mwenye laptopu anunue kadi ndogo ya sauti ya USB yenye matundu ya RCA, mfano wa Behringer UCA222. Inatosha kabisa kwa kazi hii.

Hewa ya chumvi ya pwani yetu haina huruma kwa plagi. Chaneli ya kushoto au ya kulia ikipotea ghafla, usikimbilie kulaumu kompyuta: chomoa plagi, ifute kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo, iache ikauke, kisha uirudishe huku ukiizungusha.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma hata nyimbo zikiwa zimesimamishwa, hiyo ni mirindimo ya umeme wetu wa hezi 50 inayopenya kupitia waya wa athi. Chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukinyamaza, basi chanzo umekipata, na dawa yake ni kurekodi kwa betri, au kuchomeka miksa na kompyuta kwenye eksitensheni moja. Betri ina faida nyingine: umeme ukikatika miksa itazima, lakini kompyuta itabaki na kila ulichokwisha kurekodi.

Hatua ya pili: mipangilio

Fungua Audacity, chagua kadi ya USB kuwa ndiyo chanzo cha kurekodi, chagua chaneli mbili, na uweke kasi ya sampuli (mara ambazo sauti hupimwa kwa sekunde) kuwa hezi 44,100. Hakikisha kadi hiyo haijawekwa kuwa ya chaneli moja katika mipangilio ya sauti ya Windows pia, maana Windows mara nyingine huichukulia kama maikrofoni. Zima intaneti, arifa na usingizi wa kompyuta. Acha nafasi ya gigabaiti tano hivi kwenye diski kwa miksi ya saa mbili, kwani Audacity yenyewe huhifadhi sauti kwa biti 32 na hutumia takriban gigabaiti moja na robo kwa saa.

Feni usiizime. Sauti inapita kwenye waya, kwa hiyo joto la Mombasa si sababu ya kuteseka. Ni pale tu unapofungua maikrofoni ili uzungumze ndipo feni, pikipiki na adhana ya msikiti wa jirani vitakapoingia katika rekodi.

Hatua ya tatu: kiwango cha sauti

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na sauti ya kidijitali ina dari moja, desibeli 0, na chochote kinachovuka dari hiyo hukatwa na hakirudi. Taa nyekundu za miksa, ambazo madijei wengi huzizoea kama mapambo, ni onyo kwamba ukataji huo unakaribia au umekwisha kuanza.

Chagua wimbo wenye besi nzito kuliko zote utakazopiga. Uache upige sehemu yake yenye makelele zaidi, ukitazama kipimo cha Audacity, na urekebishe kitufe cha geini (cha kuongeza au kupunguza nguvu ya sauti inayoingia) cha chaneli hiyo hadi vilele vifike karibu na desibeli -10. Fanya vivyo hivyo kwa chaneli ya pili. Sasa piga nyimbo mbili kwa pamoja, kama utakavyofanya wakati wa kuhama kutoka wimbo hadi wimbo. Sauti mbili zilizolingana nguvu huongezeka kwa desibeli 3 hivi zinapokutana, na ngoma zikigonga kwa wakati mmoja zinaweza kukaribia 6. Ndiyo maana tumeanza chini: vilele vya mchanganyiko vikibaki kati ya -6 na -4, uko salama.

Usihofu kwamba rekodi ni ndogo. Biti 16 hukupa upana wa desibeli 96 hivi, kwa hiyo hizo chache unazoziacha wazi chini ya dari hazimpunguzii msikilizaji kitu, nawe utazirudisha baadaye kwa mbofyo mmoja.

Kuna mtego mmoja unaostahili kuangaliwa kwa karibu. Kadi kama UCA222 haina kitufe cha kupunguza sauti inayoingia. Ukipunguza kwa kitelezi cha kompyuta, kipimo kitashuka, lakini ikiwa sauti ilipasuka ilipokuwa ikiingia kwenye kadi, unachopunguza ni sauti ambayo tayari imepasuka. Ili kujua, rekodi kidogo, kisha ukuze picha ya mawimbi hadi uone mstari mmoja mmoja. Kilele kizima ni cha mviringo au chenye ncha. Kilichopasuka kimekatwa bapa, na vilele vingi vilivyo bapa kwa kimo kimoja chini ya desibeli 0 vinakuambia kwamba kosa limetokea kabla ya kompyuta. Rudi kwenye geini ya miksa. Kumbuka tu kwamba baadhi ya nyimbo za kisasa zimetengenezwa hivyo tangu studio, kwa hiyo jaribu kwa wimbo wa zamani wa taarab au chakacha kabla ya kuhukumu.

Hatua ya nne: kurekodi na kusafisha

Bonyeza kitufe chekundu, subiri kidogo, ndipo uanze kupiga. Usiguse kompyuta hadi umalize. Baada ya hapo hifadhi mradi, kata ukimya wa mwanzo na wa mwisho, kisha chagua rekodi nzima na upandishe kilele chake hadi desibeli -1. Usipandishe hadi 0, kwa sababu MP3 inapofunguliwa na redio au simu, vilele vyake huweza kuzidi kidogo vile vya faili la asili.

Toa kwanza nakala ya WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 16, itakayochukua takriban megabaiti 635 kwa saa. Mwenye diski ndogo atumie FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa sauti yoyote. Hiyo ndiyo nakala mama, na kila MP3 itoke humo, kamwe isitoke katika MP3 nyingine.

Hatua ya tano: MP3

Matoleo ya sasa ya Audacity yanakuja na LAME, programu ya kutengeneza MP3, ndani yake, kwa hiyo huna cha kuongeza. Kwa kilobiti 320 kwa sekunde, saa moja ni megabaiti 144. Kwa 192 ni 86 hivi. Kwa 128 ni 58 hivi. Nyimbo nyingi tunazopiga tayari ni MP3, na miksi yako inazibana kwa mara ya pili, jambo linalofanya 128 iwe mbaya kuliko watu wanavyodhani. Sikiliza kayamba katika wimbo wowote wa Kimijikenda: punje zake ndizo za kwanza kuharibika, na badala ya mchakacho mkavu utasikia kitu kinachotiririka kama maji. Fidla za taarab hufuata. Mimi sishuki chini ya 192, na cha kuwekwa kwenye spika kubwa za harusi hukitoa kwa 320.

Chagua kiwango cha kilobiti kisichobadilika badala ya kinachobadilika, kwa kuwa kwa hicho cha pili redio za zamani za magari huonyesha muda usio sahihi na kukwama unaposogeza mbele. Jaza jina la dijei, la miksi na mwaka katika dirisha la taarifa za faili.

Unapoituma kwa WhatsApp, itume kama hati, ili faili lifike jinsi lilivyo. Na flashi ya matatu iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, maana redio nyingi za magari hazisomi mfumo mwingine wa Windows, NTFS, hata kidogo.