Namna ya Kutofautisha “Rise” na “Raise” Unapoandika Taarifa kwa Kiingereza

Mwongozo huu ni kwa wanaoandaa taarifa za uvuvi na biashara hapa Mwanza. Katika kuzihariri taarifa hizo, nimeona vitenzi hivi viwili vikichanganywa mara kwa mara, na kosa hilo huweza kumbebesha mtu jambo asilolitenda.

Hatua ya kwanza: litamke wazo lako kwa Kiswahili, kisha ukitazame kitenzi. Kitu kikipanda au kuinuka chenyewe, tumia “rise”. Pakiwa na anayekipandisha au kukiinua, tumia “raise”. Bei ya sangara ikipanda, andika “The price of Nile perch rose”. Ukiandika “The factories raised the price”, umewataja wenye viwanda kuwa ndio walioipandisha, na hilo lahitaji ushahidi. Hata “The price was raised”, ambayo haimtaji mtu, bado inadai kwamba yupo aliyefanya hivyo.

Jihadhari, hata hivyo, na kupanda kwenye kipandwacho: anayepanda kilima cha Capri Point anahitaji “climb”.

Hatua ya pili: tafuta yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Kulea mtoto, kuchangisha fedha na kuibua hoja, ingawa kwa Kiswahili ni mambo yaliyo mbalimbali, yote huelezwa kwa “raise”, kwa sababu kila moja lina kitu kinachotendwa. “Rise” haipokei yambwa, na kwa hiyo haina kauli ya kutendwa. Chukua mvua kubwa za miaka ya 1961 hadi 1964, ambazo ziliongeza kina cha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2: “The lake rose” inaeleza tukio, ilhali “The rains raised the lake” inaeleza tukio pamoja na chanzo chake. Chanzo kinapojulikana, mimi huchagua ya pili.

Hatua ya tatu: kariri nyakati, yaani “rise, rose, risen” na “raise, raised, raised”.

Hatua ya nne: yatamke maneno yote mawili, “rise” na “raise”. La kwanza husikika kama “raiz” na la pili kama “reiz”. Ukimaliza la kwanza kwa sauti ya s, msikilizaji atasikia “rice”, yaani mchele.

Kwa nyongeza ya mshahara, Waingereza husema “pay rise” na Wamarekani “raise”. Shule zetu hufuata Kiingereza cha Uingereza, basi andika “pay rise”.