Kumuenzi Mwalimu Angali Hai

Mimi ni nahodha wa boti. Napakia abiria hapa Amu, yaani Lamu, nawapeleka Faza, na kila siku kabla sijawasha mashine napiga hesabu niliyofunzwa darasa la sita: leo maji yatajaa saa ngapi pale Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari tunaopitia? Aliyenifunza hesabu hiyo alipotimiza miaka 60 akastaafu, sisi wanafunzi wake wa zamani tuliunda kamati ya kumuenzi, nami nikachaguliwa katibu. Watu wa mitaa mingine wamekuwa wakiniuliza tuliifanyaje ile shughuli, kwa hivyo naieleza hapa.

Nianze na uchungu nilionao. Kabla ya hapo niliwahi kwenda kumuaga mwalimu mwingine, katika shule nisiyoitaja. Wageni wa heshima walizungumza saa tatu nzima. Mwenyewe akapewa saa ya ukutani na doti mbili za leso za mkewe, akapigwa picha, akaenda zake. Hakusimama mtu hata mmoja kueleza jinsi alivyokuwa akifundisha, na mle ndani tulikuwa tumejaa watu aliotushika mkono tukajua kusoma.

Basi kabla hamjapitisha mchango, kusanyeni ufundishaji wake. Anzeni miezi mitatu mapema. Watafuteni waliosoma kwake, na msiishie kwa madaktari na wahasibu. Waliokuwa wa mwisho darasani wanamjua mwalimu kwa namna ambayo wa kwanza hawamjui.

Na swali lina kazi yake. Tulipouliza "Mwalimu alikuwaje?" tulijibiwa kwamba alikuwa mpole, alikuwa mkali, Mungu amlipe. Maneno hayo ungeweza kumwambia mwalimu yeyote. Tukabadilisha, tukawa tunauliza: "Kumbuka siku moja ulipokuwa huelewi. Alifanya nini?" Hapo ndipo watu walipofunguka. Mama mmoja anayeuza viazi vya karai kule Langoni alisema mwalimu hakuwahi kumsahihisha akiwa amesimama. Alichutama kando ya dawati mpaka macho yao yakawa sawa. Fundi wa majahazi wa Matondoni, aliyeacha shule darasa la tano, alisema mwalimu alimfuata kazini kwa babake, akamwambia apime mbao kwa shibiri, kisha apime tena kwa futi, amweleze kwa nini hesabu mbili zimetofautiana. Na karibu kila mtu, wa mwanzo na wa mwisho, alitaja neno moja: "Umejuaje?" Ukikosa, umejuaje. Ukipata, umejuaje vilevile. Hakukubali jibu lisilo na njia.

Mwaka 2019 Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia wa shule ya Keriko kule Nakuru, alitunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1, mjini Dubai. Dunia ilielezwa mambo yanayoshikika: kwamba alitoa asilimia 80 ya mapato yake kwa wenye shida, kwamba shule ilikuwa na kompyuta moja tu, kwamba aliikuza klabu ya vipaji na wanafunzi wake wakashindana katika sayansi, kwamba aliwaendea wazazi majumbani. Ukiyasikia hayo unajua la kuiga. Nanyi msihifu chochote msichoweza kukionyesha kwa tendo.

Kisha kaeni na mwalimu mwenyewe. Sisi tulikwenda jioni mbili barazani kwake, tukanywa kahawa chungu, tukamwomba ruhusa tumrekodi kwa simu. Muulizeni alibadilika wapi. Wetu alitwambia kwamba miaka ya mwanzo alichapa sana, na aliiacha fimbo kabla haijapigwa marufuku shuleni mwaka 2001, kwa kuwa aliona mtoto anayeogopa kiboko huficha asichokijua, na mwalimu asiyeonyeshwa penye ujinga hana pa kuanzia. Wenzetu wawili walitaka tuliondoe hilo la kuchapa. Nilikataa. Yeye alilisema kwa kinywa chake, na bila hilo hufahamu "Umejuaje?" ilitoka wapi.

Siku ya shughuli: wengi hupenda tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu 1994 kukumbuka pendekezo la 1966 kuhusu hadhi ya walimu. Ni siku nzuri. Lakini huku kwetu tazameni maji kwanza, kwa sababu wageni wa Pate na Faza wakikuta Mkanda umepwa watakaa juu ya mchanga mpaka bahari irudi. Chagueni siku ambayo maji yamejaa asubuhi.

Dua, marashi, udi, vikuba vya asumini, joho la kumvisha, mahamri na halwa: haya mnayajua, wala sina la kuongeza. Hotuba ziwe mbili, fupi.

Halafu mpeni chaki. Hili ndilo ninalowasihi kuliko yote. Mtakeni afundishe nusu saa, darasani kwake, nanyi mkae kwenye madawati. Wetu aliandika ubaoni lile somo la maji. Zamani alikuwa akitupeleka gatini, siku 14 mfululizo, kila mmoja na daftari lake. Tunaandika saa ambayo maji yamefika juu kabisa, kesho twarudi. Siku moja yalichelewa dakika 40, nyingine zaidi ya saa nzima, tukagombana nani amekosea, kumbe hakuna aliyekosea. Ndivyo tulivyojua wastani ni nini, na bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) ni nini. Siku hiyo ya shughuli aliuliza swali lilelile, mzee mmoja mwenye wajukuu akanyoosha mkono akajibu, na mwalimu akamtazama kimya. Darasa zima tukaitikia kwa pamoja: "Umejuaje?" Alishusha chaki akafuta macho kwa ncha ya kilemba.

Mkitaka shairi, mshairi mpeni ule ushuhuda wote mliokusanya, jina pekee halimtoshi. Mizani nane kwa nane hujaa haraka mtu akiwa na dawati, shibiri na gati mkononi.

Ushuhuda uchapeni kijitabu. Chetu kina kurasa 24, kimechapwa kwa mwenye kompyuta wa mtaani, na kila mwalimu mpya wa shule ile hupewa nakala. Rekodi ziwekeni kwenye simu mbili, za watu wawili. Na kabla ya kuchapa mpelekeeni mwenyewe akisome. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba maji huchelewa dakika 50 kila siku. Kilirudi na wino mwekundu: juu ya "kila siku" ameongeza "kwa wastani", na pembeni, kwa mwandiko uleule wa ubaoni, ameandika "Umejuaje?" Ukurasa huo tuliuchapa kama ulivyo.