Trela ya boti: ekseli moja au mbili?

Kwanza usiangalie urefu wa boti, angalia uzito, na sio ule wa kwenye karatasi tu, jumlisha injini, betri, nanga, makorokoro yote na mafuta, maana petroli lita 200 peke yake ni kama kilo 150, afu weka na trela yenyewe. Ikija chini ya kilo 1,500 hivi, ekseli moja (yaani chuma kimoja chenye tairi moja kila upande) inatosha sana, nyepesi, unaisukuma kwa mkono, beringi za kupaka grisi chache. Ikizidi hapo, au unasafiri mbali kila mara, mi nakushauri chukua mbili. Tairi ikipasuka njiani ile nyingine inashikilia mpaka utoe gari pembeni, kwa ekseli moja upande mzima unalala.

Ila kona kali zinasaga tairi za ekseli mbili, utaona mpira umelika pembeni, na kuigeuza kwa mkono sahau. Halafu hakikisha trela imekaa sawa ukiifunga kwenye gari, pua ikiinuka ekseli ya nyuma ndo inabebeshwa zaidi.

Na yoyote utakayochukua, kabla ya kuingiza majini sogeza mkono kwenye habu (kitovu cha gurudumu, ndani yake ndo mna beringi), kama bado ina moto subiri ipoe, ikipoa ghafla inavuta maji mpaka kwenye beringi.