Kusomea afya Tanzania baada ya Kidato cha Nne: panga njia kuanzia mwisho wake

Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, zahanati yetu hupata wageni wasioumwa. Mzazi anafika na kijana wake, simu imefunguliwa kwenye ukurasa wa NECTA, na swali ni lile lile: "Daktari, kwa D hizi asomee nini?" Mimi ni tabibu, mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji, ila huku kila mwenye koti jeupe ni daktari na nimeshaacha kubishana. Nikiwa na nafasi, nawakalisha kwenye benchi la mapokezi na kuwapitisha kwenye hatua hizi. Chukua cheti chako, au picha yake, ukiweke karibu.

Hatua ya 1: Amua unataka kufika wapi

Watu huanza na chuo: kipi kiko karibu, kipi kina ada nafuu, shangazi anamfahamu nani pale. Acha hilo kwanza. Taja kazi unayotaka kuifanya ukiwa na miaka 35, halafu ndipo turudi nyuma hadi leo.

Vyuo vya kati vya afya viko chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, na ngazi zake huitwa NTA. Mwaka wa kwanza ni NTA 4, wa pili NTA 5, ambayo ni astashahada, na wa tatu NTA 6, ambayo ni stashahada. Ukisoma utabibu hadi NTA 6 unakuwa Tabibu. Kwa uuguzi, mwenye astashahada ni Muuguzi, mwenye stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi, na mwenye shahada ni Afisa Muuguzi. Maabara kuna Mteknolojia Msaidizi na Mteknolojia. Kwenye dawa, mwenye stashahada ni Mteknolojia Dawa, na jina la Mfamasia linasubiri shahada. Afya ya mazingira na afya ya kinywa na meno nazo zina ngazi zao, na ushindani wa kuzigombea si mkali kama kwenye utabibu.

Kuna ushauri mmoja wa wazee wa kazi ambao umepitwa na wakati. Zamani tabibu alirudi shule miaka miwili, akatoka Daktari Msaidizi, akawa anafanya hata upasuaji wa kujifungua kwenye hospitali za wilaya. Mafunzo hayo yalisitishwa. Leo tabibu anayetaka kuwa daktari anaingia chuo kikuu kusoma shahada ya udaktari, miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitali chini ya uangalizi. Jumlisha na miaka mitatu ya stashahada: ni miaka tisa darasani na wodini, bila kuhesabu muda wa kusubiri ajira katikati. Wapo waliovuka, na madaktari wazuri sana wengine walianzia utabibu. Ila uijue safari kabla hujafunga mzigo. Na kama umepata ufaulu wa kuingia Kidato cha Tano kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia, na una uhakika unataka udaktari, njia ya shule ni fupi zaidi. Nenda huko.

Hatua ya 2: Soma cheti chako mara mbili

Mara ya kwanza, angalia kama kinakuingiza chuoni. Kwa utabibu na uuguzi unahitaji ufaulu wa angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, na kati ya hayo lazima kuwe na Kemia, Baiolojia na Fizikia. Famasi inasisitiza Kemia na Baiolojia. Kuhusu Hisabati na Kiingereza, mwongozo wa udahili unasema kuwa nazo ni faida ya ziada. Hapo ndipo kijana mwenye F ya Hisabati anapumua, anajaza fomu na kuendelea na maisha.

Sasa kisome mara ya pili, ukiwa umeshika mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa kuingia chuo kikuu kwa stashahada. Mwenye Stashahada ya Utabibu anayeomba shahada ya udaktari anatakiwa awe na wastani wa B au GPA (wastani wa alama zake za chuo) ya 3.0, na pia awe na D ya Kidato cha Nne katika Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati na Kiingereza. Zote tano. Kile kilichoitwa faida ya ziada mlangoni kimegeuka sharti ngazi ya juu, na hakuna GPA itakayokiziba.

Nimewaona matabibu wenye mikono mizuri, wanaoaminiwa na kata nzima, wamekwama hapo wakiwa na familia na mkopo wa kiwanja, wakitafuta mtu wa kuwafundisha logarithimu jioni. Inawezekana, lakini ni heri kuifanya ukiwa na miaka 18 na somo bado la moto kichwani.

Kwa hiyo, kama cheti kina pengo, jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea urudie somo lililokuangusha. Usajili hufanyika mapema mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba. Wako wanaosoma chuo huku wakirudia Hisabati. Ni mzigo, lakini mwaka wa kwanza unabebeka.

Hatua ya 3: Kama sayansi imekataa kabisa, usilazimishe

Kuna kazi za kuhudumia watu ambazo haziulizi Fizikia. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoko Kijitonyama, Dar es Salaam, inafundisha kuanzia astashahada hadi shahada, na ngazi ya kuanzia inahitaji D nne za masomo yoyote yasiyo ya dini. Afisa ustawi wa jamii ndiye anayeitwa hospitali mgonjwa akiwa hana ndugu, mtoto akiletwa na majeraha yasiyoeleweka, au familia ikishindwa gharama. Vyuo vya maendeleo ya jamii, kama Tengeru mkoani Arusha na Buhare kule Musoma, vinatoa watu wa kufanya kazi na vikundi, wanawake na vijana kwenye kata. Ukienda huko usijione umeanguka kutoka kwenye afya. Nusu ya matatizo yanayofika zahanati yangu yanaanzia mahali ambapo mimi na dawa zangu hatufiki.

Njia nyingine ni uhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024 umelenga wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamume na mwanamke. Mafunzo ni ya miezi sita, darasani na kwa vitendo. Utatembelea kaya, utafuatilia wajawazito, watoto wenye utapiamlo, wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa. Ni shule nzuri ya kujua kama unaipenda kazi hii au unaipenda sare yake. Ila nikuambie waziwazi, maana wengi hudanganywa: cheti hicho hakikupeleki NTA 5. Mlango wa chuo cha kati bado unafunguliwa na ufaulu wa Kidato cha Nne, kwa hiyo endelea kuurekebisha huku ukifanya kazi.

Hatua ya 4: Kikague chuo kabla hujalipa

Tovuti ya NACTVET ina orodha ya vyuo na programu zake. Tafuta jina la chuo, halafu tafuta programu yenyewe. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kozi unayoambiwa ikawa haimo.

Kisha uliza wanafunzi wanafanya mazoezi hospitali gani, na fika hapo asubuhi. Ukikuta wodi moja ya wazazi ina wanafunzi wa vyuo vitatu wamesimama ukutani wakimtazama mkunga mmoja, umeshapata jibu. Majengo mazuri hayafundishi kushona msamba.

Hatua ya 5: Ada na mkopo

Omba karatasi ya gharama zote, si ada peke yake: hosteli, sare, mitihani, usafiri wa kwenda mazoezini. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Jina lako lifanane kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha Kidato cha Nne na NIDA. Kama moja linasema Asha na jingine Aisha, rekebisha sasa, kwa sababu tofauti hiyo itakufuata hadi kwenye mfumo wa ajira.

Hatua ya 6: Ukiwa chuoni, linda GPA na shika wodi

Wanafunzi huogopa sapu (kurudia mtihani) na kudisko (kuondolewa chuo), na wana haki. Wanachosahau ni kwamba kufaulu kwa C tupu hadi mwisho kunakupa kazi lakini kunakufungia chuo kikuu. Ile 3.0 ianze kutafutwa muhula wa kwanza.

Wodini, mfuate muuguzi mzoefu. Ndiye atakayekuonyesha mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji. Kitabu cha mazoezi kisainiwe siku ile ile, usimkimbize mtu wiki ya mwisho.

Hatua ya 7: Leseni kwanza, ajira baadaye

Muuguzi hufanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ndipo apate leseni. Matabibu husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na famasi na maabara wana mabaraza yao. Hata kujitolea, usishike mgonjwa bila usajili. Likitokea la kutokea, aliyekukaribisha hatasimama mbele yako. Leseni huhuishwa, na mafunzo endelevu huhesabiwa, kwa hiyo tunza vyeti vya semina. Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na anayekubali kwenda mbali na mjini ana bahati kubwa zaidi.

Hatua ya 8: Kurudi shule ukiwa mtumishi

Subiri kwanza barua ya kuthibitishwa kazini. Kisha hakikisha jina lako linaingia kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri kabla bajeti haijafungwa, kwa kuwa mwaka wa serikali huanza Julai 1. Omba AVN, namba ya uhakiki wa tuzo, kutoka NACTVET ili vyuo vikuu viuone ufaulu wako wa stashahada. Ukipata udahili, barua ya ruhusa iandikwe kwa Mkurugenzi kupitia kwa mfawidhi wako na Mganga Mkuu wa Wilaya. Usiondoke kabla ya jibu la maandishi, hata kama mfawidhi amekuambia "nenda tu, tutamalizana." Mdomo wa mfawidhi haulindi mshahara, na mimi mfawidhi ndiye ninayekuambia.

Ukimaliza shahada, kubadilishwa kada hakuji chenyewe. Nafasi ya kada mpya lazima iwe imetengwa kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi walioidhinishwa, ya halmashauri yako, na bila hiyo utarudi na shahada ukilipwa kama tabibu. Kwa hiyo ukiwa mwaka wa mwisho, pita ofisi ya utumishi na nakala ya barua yako ya ruhusa, uwakumbushe unamaliza lini, wakuweke kwenye makadirio ya mwaka unaofuata.