Namna ya kuzipanga kwa miaka picha za kale za mwalimu wa skii

Mtu anayefungua sanduku la picha za kale za skii, zile mbao mbili ndefu za kutelezea juu ya theluji, huvutwa kwanza na nyuso: wanaume waliobabuka kwa jua la mlimani, kofia za sufu, macho yaliyofinywa kwa mwanga mkali. Nyuso hizo zinapendeza, lakini ndizo zinazopotosha kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa katika picha ndogo ni vigumu kumtenganisha mtu wa miaka 30 na mtu wa miaka 45 aliyekomazwa na baridi na upepo. Kwa hiyo anza chini. Tazama miguu, kisha mikono, kisha mteremko wenyewe, na uso uuache uwe wa mwisho.

Nitaeleza kazi hii kwa kumfuata mwalimu mmoja, Hannes Schneider wa Austria, kwa sababu historia ya kazi yake inafahamika vizuri na kwa sababu alipigwa picha katika nchi nyingi kuliko walimu wengi wa zama zake. Kabla ya kugusa picha hata moja, chukua karatasi uandike mifupa ya maisha yake. Alizaliwa mwaka 1890 katika kijiji cha Stuben, kwenye milima ya Arlberg. Mwaka 1907, akiwa kijana wa miaka 17, aliajiriwa na hoteli moja ya St. Anton, kijiji kingine cha milima hiyo hiyo, ili awafundishe wageni wake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwafundisha askari wa milimani. Mwaka 1920 alionekana katika filamu ya Arnold Fanck kuhusu skii, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1920 akaanzisha shule yake pale St. Anton. Mwaka 1930 alialikwa Japani. Machi 1938, Ujerumani ya Hitler ilipoitwaa Austria, alikamatwa na kuwekwa kizuizini. Na Februari 1939, kwa juhudi za mwenye benki Harvey Gibson, aliwasili North Conway katika jimbo la New Hampshire, Marekani, ambako alifundisha hadi alipofariki mwaka 1955. Acha nafasi pana kati ya mstari na mstari, maana humo ndimo picha zitakapoingia.

Sasa shika kioo cha kukuzia na uende miguuni. Mwaka 1926 Rudolf Lettner wa Salzburg alipata hataza ya kingo za chuma, vipande vifupi vilivyokazwa kwa skrubu pembeni mwa mbao ili skii ishike kwenye barafu. Katika picha iliyopigwa kwa karibu, skii ikiwa imeinuliwa au imeegemezwa ukutani, kingo hizo huonekana kama mstari mwembamba unaong'aa wenye vidoti vya skrubu. Picha yenye mstari huo haiwezi kuwa ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vivyo hivyo, waya wa chuma unaozunguka kisigino cha kiatu na kukishikilia chini ni ishara ya kuanzia takriban mwaka 1930, ilhali kabla yake mguu ulifungwa zaidi kwa mikanda ya ngozi.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, nami naomba msomaji atilie maanani: kifaa kipya kinashuhudia, kifaa cha zamani hakishuhudii. Mkanda wa ngozi hauthibitishi kwamba picha ni ya mwaka 1912, kwa sababu mwanafunzi asiye na fedha angeweza kuvaa vifaa vya baba yake hadi mwaka 1935. Lakini ukingo wa chuma hauwezi kuwepo kabla haujabuniwa. Hivyo, katika kila picha tafuta kitu kipya kuliko vyote, hata kama kimevaliwa na mtu aliyesimama nyuma kabisa, na hicho ndicho kitakachokupa mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia.

Mikono nayo ina habari zake. Mathias Zdarsky wa Lilienfeld, aliyekuwa mwalimu mashuhuri wa Austria kabla ya Schneider, alifundisha kwa fimbo moja ndefu, na wanafunzi wake wakaieneza njia hiyo mbali. Mmoja wa waliofundisha kwa njia hiyo, ofisa wa jeshi Theodor von Lerch, aliwafundisha askari wa Japani mwaka 1911. Basi ukipata picha ya Japani yenye mwalimu wa Kizungu aliyeshika fimbo moja kama mvuvi anayesukuma mtumbwi kwa pondo, huyo si Schneider, hata kama maelezo ya chini yanasema hivyo. Schneider alifika huko karibu miaka 20 baadaye, akiwa na fimbo mbili.

Mkao wa mwili ndio sehemu ninayoipenda zaidi, kwa kuwa ndimo mwalimu anapotambulikana. Mtelezaji wa mtindo wa Telemark, uliotoka Norway, hupinda kona akiwa ametanguliza skii moja mbele sana, goti la mguu wa nyuma limeshuka karibu na theluji na kisigino chake kimeinuka, mithili ya mtu anayepiga goti huku akienda. Schneider aliuacha mkao huo. Yeye alichuchumaa, magoti yote mawili yamepindwa na mwili umeelekea mbele, akaisukuma nje skii moja ili kuanza kona, kisha akazirudisha zote mbili sambamba kabla ya kona kwisha. Njia hiyo ndiyo iliyoitwa mbinu ya Arlberg. Ukiwa na picha moja tu ya kona, angalia nafasi kati ya skii mbili: zikikaribiana kwa ncha na kuachana kwa mikia, umekuta mwanzo wa kona, zikiwa sambamba, umekuta mwisho wake. Mwaka 1925 Schneider na Fanck walichapisha kitabu kilichopangwa kwa vijipicha vilivyokatwa kutoka kwenye mikanda ya filamu, kona moja ikigawanywa hatua kwa hatua, na kukilinganisha na picha zako ni njia nzuri ya kuzoesha jicho.

Tazama pia mpangilio wa watu. Schneider hakufundisha kundi lililochanganyika. Wanafunzi waligawanywa kwa uwezo, wakapanda darasa kadiri walivyoendelea. Picha ya darasa la namna hiyo haifichiki: mstari wa watu umesimama kwa ubavu juu ya mteremko, mwalimu yuko chini yao, na mmoja tu ndiye anayeteremka huku wengine wakimsubiri.

Ukimaliza watu, nenda kwenye mlima. Waya, nguzo na vibanda vya mashine huwa ni mashahidi wazuri. Davos, Uswisi, ilipata lifti yake ya kwanza ya kuvuta watelezaji mwaka 1934, viti vya kwanza vya angani vilifungwa Sun Valley, Marekani, mwaka 1936, na gari la waya la Galzig, juu ya St. Anton, lilianza kazi mwaka 1937. Picha ya Schneider yenye waya huo wa Galzig nyuma yake inaangukia katika majira mafupi sana ya baridi kabla hajakamatwa, na thamani yake ni kubwa.

Usiiache picha yenyewe kama kitu. Mabamba ya kioo ya zamani yalihisi zaidi mwanga wa buluu, ndiyo maana mbingu katika picha nyingi za mwanzo ni nyeupe tupu na theluji haina mikunjo. Mbingu nzito, karibu nyeusi, na vivuli vinavyoonyesha kila punje ya theluji ni dalili ya hasi, yaani mabamba au filamu za kupigia picha, zinazohisi rangi zote pamoja na kichujio cha njano mbele ya lenzi. Hakikisha pia kwamba picha haikugeuzwa ilipochapwa: soma bango lolote lililomo, na kama hakuna bango, angalia koti la mwanamume. Kwa kawaida upande wake wa kushoto hulalia juu ya wa kulia. Ukiona kinyume kwa wanaume wote, bamba liliwekwa upande wa nyuma mbele.

Kisha geuza upande wa nyuma. Postikadi huchapwa tena miaka mingi baada ya kupigwa, kwa hiyo stempu inaeleza lini kadi ilitumwa na si lini picha ilipigwa, lakini hata hilo ni mpaka. Stempu za Austria zenye bei kwa heller ni za kabla ya sarafu mpya ya mwaka 1925, zenye groschen ni za baada yake, na stempu ya Kijerumani kwenye kadi ya St. Anton inaashiria mwaka 1938 au baadaye. Msomaji wa Kiswahili hatahangaika kulikumbuka neno hilo la kwanza: ni jina lile lile la sarafu ya Wajerumani wa Afrika Mashariki lililotuachia neno hela.

Unapoandika matokeo yako, tumia penseli laini, juu ya bahasha na si juu ya picha. Niliwahi kuandika tarehe kwa kalamu ya wino nyuma ya picha nyembamba ya darasa la watoto, na baada ya mwaka mmoja herufi zilikuwa zimejitokeza mbele, juu ya theluji nyeupe, mahali ambapo hakuna namna ya kuzifuta. Andika pia kiasi unachokijua na usizidishe: “baada ya 1926, kabla ya 1938” ni maelezo ya kweli, wakati “1932” bila ushahidi litakuwa kosa ambalo wengine watalinakili.

Picha zenye tarehe ya uhakika zitenge pembeni, zitumike kama mizani. Iliyo bora katika maisha ya Schneider ni ile ya kuwasili kwake North Conway mwaka 1939, watoto wakiwa wamejipanga pande mbili na kuinua fimbo zao za skii kuwa upinde juu ya njia anayopita. Weka kioo juu ya mikono ya watoto hao. Kila fimbo utakayoiona pale, pamoja na mshipi wake wa mkononi na duara lake la chini, unajua mwezi na mwaka ilipoinuliwa, na unaweza kuilinganisha na fimbo za picha ambazo bado hazina mwaka.