Boksi linasema 9 cm, rula inasema 8.7: pima hivi kisu cha kukunja kabla hujamwita muuzaji mwizi

Hii naandika kwa sababu ya shemeji yangu. Kikundi chetu cha kitalu kule Naliendele, Mtwara, tulichukua visu vya kukunja 12 kwa ajili ya kubebesha mikorosho (kupandikiza kikonyo cha mkorosho mzuri juu ya mche mwingine), boksi limeandikwa bapa (yaani kile chuma chenyewe kinachotoka nje ya mpini) inchi 3.5 na pembeni 9 cm, kila mtu akapewa chake. Jioni shemeji kaweka chake sambamba na cha jirani yake akakuta kimepungua, basi ikawa kesi. "Shemeji, mimi nimepewa reject!" Na unajua sisi watu wa korosho tulivyo, mtu ambaye kila msimu anasimama ghalani anakodolea macho mizani mpaka sindano itulie, huyo hata kwenye kisu hawezi kukuachia milimita.

Sasa kabla hujabeba rula, hiyo 9 cm yenyewe haikuwa kweli toka mwanzo. Inchi moja ni milimita 25.4, kwahiyo inchi 3.5 ni milimita 88.9, aliyeandika boksi kaikaza ikawa 90. Hapo milimita moja na ushee imeshapotea na hakuna aliyekuibia, ni hesabu ya kwenye karatasi tu. Ukiona boksi lina inchi na senti kwa pamoja, chukua inchi, zidisha mwenyewe kwa 25.4, senti waachie wenyewe.

Halafu jiulize wanapima nini. Kuna visu vinatangazwa kwa urefu wa kisu kizima kikiwa kimefungwa, mfano vile vya Victorinox watu wanavyoviita vya milimita 91, hiyo 91 ni mpini, bapa ni fupi kuliko hapo. Opinel ya Ufaransa namba 8 watu wanadhani ni senti 8 kumbe bapa lake ni 8.5. Namba ni namba ya saizi, kama kiatu. Na hata ukishajua ni bapa, bado kuna mabishano ya kuanzia wapi. Chama cha watengeneza visu wa Marekani, AKTI, utaratibu wao ni mstari ulionyooka kutoka kwenye ncha mpaka sehemu ya mpini iliyotangulia mbele kuliko zote. Uingereza sheria yao ya kutembea na kisu inaangalia makali, yasizidi inchi 3, na kisu chenyewe kiwe cha kukunja kisicho na loki. Makali na bapa si kitu kimoja, pale karibu na mpini huwa kuna kipande cha chuma kisichonolewa, visu vingine kinafika karibu senti nzima. Kwahiyo kisu kilekile kimoja, watu wawili waaminifu kabisa wanaweza kukupa majibu mawili.

Haya sasa kupima. Usipime kwa futi ya fundi nguo, inalegea. Usitumie na sifuri ya rula ya shule, ile kona ishalika, anzia kwenye alama ya senti 1 halafu utoe 1 mwishoni. Kisu kifungue mpaka loki iitike, kama ni cha springi bila loki kifungue mpaka kigote. Kilaze kwenye karatasi juu ya meza iliyonyooka, meza ya kioo ni nzuri zaidi. Shika penseli iliyochongwa kali, weka nukta pale ncha inapoishia, halafu pale mbele ya mpini, ile sehemu iliyotangulia, pitisha mstari mfupi. Ondoa kisu, pima karatasi. Narudia, pima karatasi, usipime kisu, ukipima kisu chenyewe jicho linakaa pembeni na rula inakaa juu ya unene wa mpini na hapo ndo unapata milimita ya uongo.

Mpini ukiwa na mdomo uliopinda, kama vile vya mbao vilivyochongwa mviringo, upande mmoja unaweza kuwa mbele kuliko mwingine, wewe chukua ule uliotangulia na visu vyote pima hivohivo. Kosa likiwa lilelile kwa visu vyote 12 halikuumizi sana kama lengo ni kulinganisha.

Rudia mara tatu, kisu kilekile. Majibu yakicheza nusu milimita basi huo ndo uwezo wa mkono wako na penseli yako, huna ruhusa ya kumlaumu mtu kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Ukiweza azima vernia (kile kipimo cha chuma chenye meno mawili, kinachosoma hata sehemu ya milimita) kwa fundi wa karakana, ila ile meno yake usiibane kwenye ncha, utaipinda ncha na kumkwaruzia mwenzio kifaa, gusisha tu.

Mimi niliazima Magomeni, nikapima vyote. Kirefu kabisa 88.4, kifupi 86.9, vingine vimejazana hapo katikati kwenye 87 na ushee. Cha shemeji kilikuwa 87.1! Hata si cha mwisho. Mwenye cha mwisho alikuwa hajui chochote, ana furaha zake.

Sasa milimita moja na nusu inatoka wapi wakati mashine ni ileile, hapa ndo pananoga. Watu wanadhani kiwandani kila bapa linatoka kama noti. Bapa linaanza kwa kukatwa kwenye bati la chuma, ama kwa presi yenye dai (kile chuma cha umbo la bapa kinachokata bati), ama kwa leza. Hatua hii ndo iko sawasawa kuliko zote, japo dai nayo inachoka, inanolewa, inarudishwa. Kisha linatobolewa tundu la pini, na tundu likisogea sehemu ya tatu ya milimita kwenda mbele ama nyuma, bapa zima linajitokeza zaidi ama pungufu kwa kiasi hichohicho, chuma hakijapungua ila wewe rula yako inasema kimepungua. Mpini nao una tundu lake na una mdomo wake uliosagwa, kwahiyo makosa yanajumlishana ama yanafutana, bahati yako. Chuma kinachomwa na kuzimwa ili kiwe kigumu, na chuma kikigumia kinavimba kidogo, lakini kwa bapa la saizi hii hiyo ni sehemu ndogo sana ya milimita, usiipe lawama.

Mwizi mkubwa ni kunoa. Ncha ndo sehemu nyembamba, na kwenye visu vya bei yetu huyu anayenoa ni mtu kashika kwa mkono kwenye mkanda wa msasa, kisu baada ya kisu siku nzima. Chukua kisu ambacho mgongo na makali yanakutana kwenye ncha kwa nyuzi 30. Akila milimita 0.3 tu kwenye upande wa makali, ncha inarudi nyuma kwa milimita 0.6, mara mbili yake. Ncha ikiwa kali zaidi ya hapo inarudi nyuma hata zaidi, ikiwa butubutu inarudi kidogo. Kwahiyo visu vya ncha ya sindano vitatofautiana urefu kuliko visu vya ncha ya mviringo hata kama vimetoka kiwanda kimoja siku moja. Na ndo maana kile kisu cha babu yako pale nyumbani, labda Okapi ya zamani enzi ikitengenezwa Ujerumani, kimekuwa kifupi na chembamba kama mwiba, jiwe limekula miaka yote hiyo.

Kwa kazi yetu ya kukata vikonyo na kupasua mche, milimita moja na nusu haina maana yoyote, ukali ndo maana. Tofauti inaanza kuuma sehemu nyingine: unapofunga. Bapa likiwa refu kidogo kuliko nafasi ya mpini, ama likisimama juu, ncha inachungulia na itakuchoma mfukoni. Jaribu hivi, kifunge, chukua kipande cha kanga kuukuu, kipitishe polepole juu ya mpini pale ncha inapolala. Kikinasa uzi, kuna tatizo, hata kama rula inasema kisu kiko sawa. Vyetu 12 vilivyonasa vilikuwa viwili, na kimojawapo ni kile kirefu cha 88.4 ambacho watu walikuwa wanakigombania.

Kisu cha springi kikinasa, angalia kisigino cha bapa, kile kinundu kidogo karibu na pini kinachogota kwenye springi ukifunga. Pitisha tupa laini mara mbili tatu, funga, jaribu kanga tena. Bapa litazama kidogo. Ukizidisha makali yatagonga springi na hapo umeharibu, hakuna kurudisha, kwahiyo mkono mwepesi jamani. Cha loki ya pembeni usikiguse, kirudishe dukani.

Na ukiagiza vingi, usimwambie muuzaji "nataka vya 9". Mwandikie: bapa kuanzia mbele ya mpini mpaka kwenye ncha, milimita 86 hadi 89, ncha isinase kitambaa kikiwa kimefungwa. Mimi sasa ndo natuma hivo hivo. Shemeji anataka tuongeze na kipengele cha kwamba chake apimiwe kwanza.